TUJUE SHERIA: Kutoa Amri ni Rahisi, Kuifuta ni Kazi



Tuseme kijijini kwenu mna ghala la mahindi ya akiba. Kanuni yenu ni kwamba ghala halifunguliwi mpaka halmashauri ya kijiji ikutane na kukubali. Mwaka mmoja mto unafurika usiku. Nyumba zinakwenda na maji. Hakuna nafasi ya kuitisha mkutano. Wajumbe wachache waliopo wanamwambia mwenyekiti: "Chukua ufunguo. Fungua, gawa chakula. Tutazungumza baadaye." Hapo hakuna kosa. Mtoto mwenye njaa hawezi kungoja kumbukumbu za mkutano zisomwe.

Maji yanakauka. Watu wanajenga upya. Mavuno mawili yanapita. Ufunguo bado umo mfukoni mwa mwenyekiti. Hatusemi kwamba ameiba. Pengine anagawa mahindi kwa uangalifu kabisa. Lakini sasa anagawa peke yake, wala hakuna anayemwuliza. Je, ufunguo utarudi vipi? Na akisema, "Bado nauhitaji," nani ana uwezo wa kuuchukua?

Swali hili liliisumbua sana nchi ya Marekani, na bado linaisumbua. Tumeichagua nchi hiyo mwezi huu kwa sababu mambo yake yameandikwa kwa tarehe na kwa hesabu za kura. Tena, katikati ya habari hii yumo mtu aliyezaliwa hapa jirani, Kenya.

Kwanza tuelewane juu ya maneno machache. Bunge la Marekani huitwa Kongresi. Lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435, na Seneti yenye wajumbe 100. Kongresi hutunga sheria. Rais huzitekeleza, na katika kuzitekeleza hutoa amri zilizoandikwa na kutiwa saini yake. Amri ya namna hiyo haipigiwi kura. Rais anaweza kuitoa asubuhi, na kabla ya jua kutua watumishi wa serikali wameanza kuifuata.

Halafu kuna "hali ya hatari". Maana yake ni kwamba Rais ametangaza nchi imo katika shida kubwa, na kwa tangazo hilo anapata madaraka ambayo siku za kawaida hana. Wazee wa Kenya hawahitaji kuelezwa neno hili. Gavana wa Kiingereza alitangaza hali ya hatari kwao tarehe 20 Oktoba 1952, nayo haikuondolewa mpaka Januari 1960.

DHAHABU YA WANANCHI

Mwezi Machi 1933 Marekani ilikuwa katika dhiki. Mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Benki zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, na watu walipanga foleni kutoa fedha zao kabla hazijapotea. Rais mpya, Franklin Roosevelt, aliapishwa tarehe 4 Machi. Siku mbili baadaye alitangaza hali ya hatari na kufunga benki zote nchini. Tarehe 9 Machi Kongresi ilipelekewa muswada wa kuyakubali madaraka hayo. Siku hiyo hiyo muswada ukasomwa, ukapitishwa na mabaraza yote mawili, ukatiwa saini. Wajumbe wengi hawakuwa hata na nakala mkononi.

Tarehe 5 Aprili 1933 ikatoka amri nyingine ya Rais. Wananchi wote walitakiwa kupeleka benki dhahabu yao, sarafu na vipande, kufikia tarehe 1 Mei. Waliachiwa mapambo yao, sarafu za kale zinazotunzwa kwa uadimu, na sarafu za dhahabu zisizozidi dola 100 kwa mtu. Atakayeficha angeweza kutozwa faini ya dola 10,000 au kufungwa miaka 10, au vyote viwili. Waliopeleka walilipwa dola 20 na senti 67 kwa kila wakia. Januari 1934 serikali ikapandisha bei ya wakia moja mpaka dola 35. Fikiri wewe mkulima umeuza pamba yako kwa lazima, na miezi michache baadaye mnunuzi yule yule anatangaza bei iliyopanda kwa zaidi ya nusu.

Wako wanaosema amri ile iliwasaidia Wamarekani kutoka katika dhiki. Wako wanaokataa. Huo ni ubishi wa wataalamu wa uchumi, tuwaachie. Jambo letu ni hili: benki zilifunguliwa tena katika mwezi ule ule wa Machi 1933, dhiki ikaisha, vita kuu ya pili ikaja ikapita, na bado mwananchi wa Marekani hakuruhusiwa kuweka kipande cha dhahabu nyumbani kwake. Katazo hilo lilikuja kuondolewa kwa sheria iliyopitishwa na Kongresi Agosti 1974, na ruhusa ikaanza tarehe 31 Desemba mwaka huo. Hapo ilikuwa imepita miaka 41. Mtoto aliyezaliwa wakati amri inatolewa alikuwa sasa na watoto wakubwa.

HALI NNE ZA HATARI

Mwaka 1973 Seneti iliunda kamati maalum ya kuchunguza jambo hili. Wenyeviti wake walikuwa wawili, kutoka vyama vinavyopingana: Frank Church wa Democratic na Charles Mathias wa Republican. Kamati haikukuta hali moja ya hatari, ilikuta nne. Ya kwanza ni ile ya benki ya 1933, ambayo haikufutwa kamwe. Ya pili ilitangazwa na Rais Truman Desemba 1950 kwa ajili ya vita vya Korea. Mapigano ya Korea yalisimama Julai 1953, lakini tangazo halikusimama. Ya tatu ilitangazwa na Rais Nixon Machi 1970, wafanyakazi wa posta walipogoma. Barua zilirudi kusafirishwa baada ya siku chache, hali ya hatari ikabaki miaka. Ya nne alitangaza Nixon huyo huyo Agosti 1971 kwa ajili ya biashara na nchi za nje.

Kamati ikahesabu pia vifungu vya sheria vinavyompa Rais madaraka ya ziada wakati wa hatari. Vilikuwa 470. Vilikuwa vimetawanyika katika vitabu vingi vya sheria. Kwa hiyo nchi inayojisifu kwa uhuru wake ilikuwa imeishi miaka 40 mfululizo katika hali ya hatari, na wananchi wake wengi hawakuwa na habari.

Msomaji asidhani kwamba makosa yote yalikuwa ya marais. Nani aliyeitunga sheria isiyo na tarehe ya mwisho? Ni Kongresi yenyewe. Tena Bunge likishiriki si lazima haki itendeke. Februari 1942, wakati wa vita na Japani, Rais Roosevelt alitoa amri ambayo kwayo watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 waliondolewa majumbani mwao na kuwekwa kambini. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Mwezi uliofuata Kongresi haikuipinga amri hiyo. Iliiongezea nguvu kwa kutunga sheria ya kuwaadhibu watakaoivunja. Ilichukua mpaka 1971 Kongresi kutunga sheria inayosema kwamba raia hawezi kuwekwa kizuizini ila kwa sheria iliyopitishwa na Kongresi. Amri yenyewe ya 1942 ilifutwa rasmi na Rais Ford Februari 1976. Mwaka 1988 sheria nyingine iliwaomba radhi waliokuwa bado hai, na kumlipa kila mmoja dola 20,000. Miaka 46 baada ya kupoteza mashamba na maduka yao!

SHERIA YA 1976

Baada ya taarifa ya kamati, Kongresi ilitunga sheria ya kurudisha ufunguo. Rais Ford aliitia saini tarehe 14 Septemba 1976. Sheria hiyo ilisema kwamba madaraka yote yaliyotokana na zile hali nne za zamani yatakwisha baada ya miaka miwili. Rais anaweza kutangaza hali mpya ya hatari, lakini lazima ataje ni sheria gani anazitumia, na tangazo litolewe katika gazeti la serikali. Mwaka ukiisha bila Rais kuiongezea muda, hali hiyo inakufa yenyewe. Kila miezi sita kila baraza likutane kufikiria kama hali hiyo iendelee.

Lakini meno ya sheria hiyo yalikuwa mahali pengine. Ilisema kwamba mabaraza mawili ya Kongresi yakipitisha azimio la kuiondoa hali ya hatari, imeondoka. Kura zaidi ya nusu katika kila baraza zinatosha. Saini ya Rais haihitajiki. Hii ni sawa na halmashauri ya kijiji kusema: "Tulikupa sisi, tunachukua sisi." Hakuna haja ya kumwomba mwenyekiti akubali kunyang'anywa.

KIJANA ALIYETOKA KENYA

Sasa tunamfikia mtu wetu. Jina lake ni Jagdish Rai Chadha. Alizaliwa Kenya, ni wa asili ya Kihindi, naye alikuwa na pasi ya Uingereza. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kusoma. Ruhusa yake ya kukaa ilikwisha mwaka 1972, naye hakuwa na mahali pa kurudi kwa urahisi. Watu wengi wa asili yake walijikuta hivyo miaka ile, baada ya nchi zetu kupata uhuru: wamezaliwa hapa, wana karatasi za kule, na kote wanaulizwa, "Wewe ni wa wapi?"

Mwaka 1974 hakimu wa mambo ya uhamiaji alimsikiliza akaamua kwamba asifukuzwe. Alikuwa mtu wa mwenendo mwema, na kumfukuza kungemletea taabu kubwa. Lakini sheria ya wakati huo iliruhusu baraza moja tu la Kongresi kulifuta kibali cha namna hiyo. Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilipelekewa majina ya watu 340 waliokubaliwa kubaki. Likayachomoa majina sita, la Chadha likiwamo. Hakukuwa na mjadala. Kura hazikuhesabiwa kwa majina. Maisha ya mtu yaliamuliwa kwa dakika chache, na watu ambao hawajamwona.

Chadha hakunyamaza. Alifungua kesi, nayo ikapanda ngazi hata ikafika Mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Tarehe 23 Juni 1983 majaji saba kati ya tisa walimpa haki. Walisema kwamba Katiba ya Marekani ina njia moja tu ya kufanya uamuzi wenye nguvu ya sheria: upite katika mabaraza yote mawili, kisha upelekwe kwa Rais autie saini au aukatae. Baraza moja peke yake haliwezi. Hata mabaraza yote mawili, kama yanamkwepa Rais, hayawezi.

Kwa Chadha hiyo ilikuwa haki, na sisi tunasema alistahili. Lakini tazama jinsi jiwe moja lilivyoangusha ndege wawili. Kifungu kilichomwonea Chadha, na kifungu kilicholiwezesha Bunge kuchukua tena ufunguo kutoka kwa Rais, vilijengwa kwa mti mmoja. Mahakama ilipoukata mti huo, vyote viwili vilianguka. Jaji mmoja aliyepinga, Byron White, alionya kwamba hukumu hiyo inagusa sheria karibu 200.

Mwaka 1985 Kongresi ikalazimika kuirekebisha ile sheria ya 1976. Tangu hapo azimio la kuondoa hali ya hatari linapelekwa kwa Rais kama muswada mwingine wowote. Rais akilikataa, Kongresi inaweza kumshinda, lakini kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza.

Tufanye hesabu. Kabla ya hukumu, wajumbe 51 wa Seneti kati ya 100 walitosha. Baada yake wanatakiwa 67. Na yule anayetakiwa kukubali kwamba madaraka yaondolewe ndiye yule yule aliye nayo.

KURA ZA 2019

Hesabu hiyo ilionekana wazi mwaka 2019. Rais Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Meksiko. Kongresi ikakubali bilioni 1.375 tu. Tarehe 15 Februari 2019 Rais akatangaza hali ya hatari, ili aweze kuchukua fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya majengo ya jeshi. Hapa jambo ni zito, kwa sababu kupanga matumizi ya fedha za umma ni kazi ya kwanza ya bunge lolote. Bunge lilikuwa limekwisha kujibu, na jibu lake likazungukwa kwa mlango wa nyuma.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuifuta hali hiyo kwa kura 245 dhidi ya 182. Seneti ikalipitisha kwa kura 59 dhidi ya 41, na kati ya hao 59 walikuwamo watu wa chama cha Rais mwenyewe. Tangu sheria ya 1976 itungwe, Kongresi haikuwa imepitisha azimio kama hilo hata mara moja. Kesho yake, tarehe 15 Machi, Rais akalikataa. Wawakilishi wakajaribu tena wakapata kura 248 dhidi ya 181. Zilitakiwa 286. Zilipungua 38, na azimio hilo likaishia hapo. Hali hiyo iliondolewa Januari 2021, na rais mwingine, siku aliyoapishwa.

Utauliza, je, hakuna hata hali moja iliyoondolewa na Kongresi? Iko. Ni ile ya ugonjwa wa UVIKO-19, iliyotangazwa Machi 2020. Kongresi ilipitisha azimio la kuiondoa, na Rais Biden akalitia saini Aprili 2023. Lakini Biden alikuwa tayari amepanga kuiondoa mwezi uliofuata. Ni rahisi kumnyang'anya mtu kitu ambacho anakaribia kukitua mwenyewe.

Na ile kanuni ya kukutana kila miezi sita? Kwa miaka zaidi ya 40 haikufuatwa. Ile ya kuongeza muda kila mwaka imekuwa kazi ya saini tu. Hali ya hatari aliyoitangaza Rais Carter Novemba 1979 kwa ajili ya mgogoro na Irani imeongezwa mwaka baada ya mwaka, na marais wa vyama vyote viwili.

Dawa iliyopendekezwa ni nyepesi kueleza. Machi 2019 seneta Mike Lee, wa chama cha Rais wa wakati huo, alipeleka muswada unaosema: hali ya hatari idumu siku 30 tu, kisha ife, ila kama Kongresi imepiga kura ya kuikubali. Julai mwaka huo kamati ya Seneti iliupitisha, lakini haukufika kuwa sheria. Miswada ya namna hiyo imerudishwa tena baadaye. Shida yake kubwa ni ya kibinadamu. Chama ambacho hakina Rais huona hatari ya jambo hili waziwazi. Chama chenye Rais huona kwamba linaweza kungoja.

NA KWETU JE?

Tofauti iko katika kimya. Kule Marekani, Bunge likikaa kimya, hali ya hatari inaendelea kuishi. Muswada wa siku 30 ulitaka kugeuza jambo hilo: Bunge likikaa kimya, hali ya hatari ife.

Katiba ya Tanzania imekwisha kuchagua njia hiyo ya pili. Soma ibara ya 32. Rais ana uwezo wa kutangaza hali ya hatari. Akitangaza, anampelekea Spika nakala ya tangazo. Spika anatakiwa aitishe Bunge katika siku zisizozidi 14, na lazima theluthi mbili ya wabunge wote waliunge mkono tangazo hilo. Siku 14 zikipita bila Bunge kuliunga mkono, tangazo linakoma. Likiungwa mkono, linadumu miezi sita, na kuongeza miezi sita mingine kunataka tena theluthi mbili. Bunge linaweza pia kulifuta wakati wowote, kwa theluthi mbili hiyo hiyo, bila kungoja saini ya Rais. Kenya nao, katika Katiba yao ya 2010, wameweka siku 14. Kuongeza mara ya kwanza kunataka theluthi mbili ya wabunge, na kuongeza tena baada ya hapo kunataka robo tatu.

Kwa hiyo ukimwona mtu anasema kwamba mambo haya ni ya wakubwa tu, mfungulie ibara ya 32 mkaisome pamoja. Ina vifungu vichache, na Kiswahili chake si kigumu. Nakala ya Katiba inaweza kuombwa kwa mwalimu wa kisomo, shuleni, au katika ofisi ya kata. Wenye darasa la jioni wanaweza kuisoma kwa zamu, mmoja kifungu kimoja, kisha wajadili swali hili: kwa nini waliotunga Katiba walitaka theluthi mbili ya wabunge wote, na si ya wale tu watakaokuwa wamehudhuria siku hiyo?

Mwezi ujao tutaeleza juu ya sheria ndogo za kijiji: nani anazitunga, nani anazikubali, na ufanye nini ukitozwa faini kwa sheria ndogo ambayo haijapita katika mkutano wenu.